Macho Mapya ya Bi Dosta

Vangel alifundisha hesabu miaka thelathini na minne, na ukimkuta amechangamka atakwambia mwenyewe kwamba wanafunzi wake waliofaulu walifaulu bila msaada wake. Alipostaafu, badala ya kutulia na rakija yake, ile pombe kali ya zabibu, kama wanaume wenzake wa Tikveš, bonde la mizabibu la Makedonia, akajitia utaalamu wa kompyuta. Hebu fikiria! Mtu ambaye hata mashine ya kufulia inamtoa jasho.

Lakini sababu alikuwa nayo. Mama mkwe wake, Bi Dosta, alikuwa anaingiwa na mtoto wa jicho. Kwa miaka hamsini yeye ndiye aliyeipitia mizabibu mia nne ya nyumba ile kila asubuhi, jani kwa jani, akaamua leo inyunyizwe dawa au isinyunyizwe. Vangel naye kwake jani ni jani. Basi akaona bora aifundishe kompyuta: unaionyesha picha nyingi za majani yenye ukungu na nyingi za majani mazima, unaiambia hili gonjwa, hili zima, mpaka inashika yenyewe.

Kiangazi kizima akawa anapiga picha, Bi Dosta akimchagulia majani kwa macho yaliyobaki. Majani magonjwa aliyachuma, akayaleta jikoni, akayatandaza juu ya kitambaa cha plastiki cha meza, kile cha miraba myekundu. Mazima alikatazwa kuyagusa.

"Jani zima linalisha zabibu," Bi Dosta alimfokea. "Unichumie hata moja, nitakukata huo mkono!"

Basi mazima akayapiga picha hukohuko shambani, juu ya mizabibu yake. Majira ya baridi yakapita akiifundisha mashine, na alipoijaribu kwa picha alizoziweka kando, ikapata tisini na tisa katika mia.

"Letka!" akamwita mkewe. "Mumeo ni profesa!"

"Haya, profesa, takataka bado hujaitoa."

Mizabibu ilipochipua, Bi Dosta alikuwa haoni tena ila kivuli. Akamshika Vangel mkono. "Macho yangu sasa ni wewe, mwanangu. Lile shamba ndilo nililoachiwa na marehemu mume wangu. Usinipotezee." Vangel kifua kikamvimba kama jogoo.

Juni mvua ikanyesha siku nne mfululizo, na mvua ndiyo huleta ukungu. Majirani wakabeba mabomba ya dawa mgongoni. Vangel akabeba simu aliyoitia ile mashine yake, akayaelekezea majani safu kwa safu: zima, zima, zima.

"Mwalimu, hunyunyizi?" aliuliza jirani yake Kiro.

"Mimi sinywi dawa kama siumwi, bwana."

Bi Dosta akamuuliza mara moja tu, "Una hakika?"

"Asilimia tisini na tisa, Mama."

"Basi. Nakuamini."

Siku kumi baadaye Bi Dosta alitaka kupika sarma, wali na nyama vilivyoviringishwa ndani ya majani ya mzabibu. Letka akachuma majani ya ule mzabibu wa kivuli mlangoni, ambao huchumwa kwa kazi hiyo tu, akayapanga mezani. Vangel, hawezi kukaa bila kujionyesha, akaelekeza simu. Gonjwa.

"Mama, usiyapike haya. Yanaumwa."

Bi Dosta akalipapasa jani kwa kidole gumba. "Hili? Hili lina afya kukushinda wewe."

Akajaribu jingine: gonjwa. Letka akayazoa yote, simu bado imeinamia meza tupu. Gonjwa, asilimia tisini na tisa.

"Jamani, meza inaumwa!" Letka alicheka. "Iitiwe daktari!" Kisha akauona uso wa mumewe, akayaweka majani chini.

Mwalimu mzima wa hesabu! Majani magonjwa yote aliyapiga picha juu ya kitambaa kile, na mazima yote shambani. Mashine haikuwahi kujifunza jani. Ilijifunza kitambaa. Kule shambani ingemwambia zima hata angeielekezea maiti.

Alitoka mbio. Kisha akarudi, maana Bi Dosta alikuwa anapiga kelele ashikwe mkono apelekwe naye.

Safu za chini, hata Vangel aliona: ukungu mweupe umejaa chini ya majani, na vichala vimeanza kuwa kahawia. Akakaa chini kwenye tope. "Nimekuponza, Mama. Nipige."

Hakumpiga. Aliinama akapitisha kidole gumba chini ya majani, mzabibu hata mzabibu. "Umekwisha. Umekwisha. Huu nao umekwisha." Vangel alimfuata nyuma analia waziwazi, mtu na mvi zake. Walipofika safu za juu, kidole kikasimama. "Hizi bado. Kalete dawa, upesi!"

Nusu ya chini ilipotea. Ya juu walinyunyiza wote watatu hadi mabega yakagoma.

"Kosa si la mashine yako peke yake," Bi Dosta alisema wakipumzika. "Mazima nilikukataza kuyachuma mimi."

Akanyoosha mkono, akalipapasa jani pande zote mbili, akalikata. Vangel hakuwahi kumwona akichuma jani zima katika shamba lile.

"Kaliweke mezani ulipige picha. Unataka mangapi?"

"Elfu moja, Mama," alijibu kwa sauti ndogo.

"Elfu! Mpumbavu wewe," akasema, na akapapasa kutafuta la pili.