Jumbe Aliyefunga Njia ya Nampemba

Mwanzoni mwa mwaka 1907, mtu aliyelaza mti juu ya njia katika nchi iliyo nyuma ya Lindi alikuwa amejitafutia kitanzi. Wapiganaji wa Maji Maji walikuwa wameangusha miti njiani ili kuwazuia askari wa Mjerumani, na vita vilipozimwa amri ikatangazwa: atakayeziba njia ni mwasi. Amri hiyo ilifikishwa Nampemba pia, mwendo wa asubuhi moja kutoka Kitomanga. Pazi bin Likwata aliisikiliza akiwa amesimama mbele ya watu wote, kwa kuwa wakati huo alikwisha kufanywa jumbe.

Hakuzaliwa katika nyumba ya ujumbe. Alikuwa mganga. Kuhusu kwao kuna kauli mbili: wengine husema alikuwa Mmwera wa bara, wengine Mmachinga wa upande wa Kilwa; mwenyewe alikuwa akijibu kwamba mgonjwa hajawahi kumuuliza. Alijua mizizi ya tumbo na ya homa, lakini sifa yake ilitokana na tabia iliyowachosha majirani. Alikuwa akiulizia mgonjwa amelala mkeka gani, amechota maji kisima kipi, nani amekula naye sahani moja. Wakati wa vita alifunga vidonda vya wapiganaji mafichoni, na maji ya dawa yalipoletwa kijijini hakuyanywa wala hakuyazuia. Jumbe wa zamani aliponyongwa na Wajerumani, hakuna mwanamume aliyetaka nafasi yake, kwani jumbe mpya angetakiwa kutoa watu wa kazi kwa akida wa Mjerumani, na kijijini angelaaniwa kwa kuwatoa. Wazee wakamsukuma Pazi mbele.

"Nikikubali," aliwaambia, "nitakuwa jumbe wa Nampemba, si mkono wa akida. Msije mkasema hamkuambiwa."

Hawakulalamika, ila si kwa muda mrefu.

Ndui iliingia na Rashidi, kijana aliyerudi kutoka kazi ya shamba la mzungu akiwa na homa na maumivu ya kiuno. Vipele vilipotokea usoni, Pazi alimjengea kibanda pembezoni mwa msitu. Akaweka sheria zake: wauguzi wawe watu wenye makovu ya ndui tu, kwa kuwa maradhi hayo hayamrudii aliyekwisha kupona; mikeka ya mgonjwa ichomwe; kata ya kuchotea maji ya kibandani isikaribie kisima. Dada yake mkubwa, Mwahija, ambaye uso wake ulikuwa umetobolewa na ndui tangu utotoni, ndiye aliyeshika uuguzi. Watoto wawili waliocheza na Rashidi walipoanza kuchemka miili, Pazi akachukua shoka.

Kufunga njia kulikuwa desturi ya zamani katika nchi hiyo. Maradhi yalipoingia, tawi lenye majani mabichi lililazwa njiani, na wa ndani hakutoka wala wa nje hakuingia mpaka mgonjwa wa mwisho apone na kuogeshwa. Tangu amri ya serikali, hakuna aliyethubutu.

"Mdogo wangu," Mwahija alimwambia alipomwona akinoa shoka, "kichwa chako kimechoka kukaa shingoni?"

"Kimechoka kuzika."

"Basi fanya kama wazee walivyoshauri. Watu waambiwe kwa maneno, mti uache msituni."

"Neno hulala kinywani mwa aliyelisikia, dada. Mpita njia asiyelisikia atazuiwa na nini?"

Aliyempinga kwa nguvu zaidi ni Huseni, mchuuzi wa chumvi. Njaa ya baada ya vita ilikuwa imeshika; ghala zilikuwa zimechomwa, na wanawake walishinda msituni wakichimba ming'oko, viazi vya mwituni. Huseni alikusudia kwenda Mchinga kutafuta mchele kwa jamaa zake.

"Njaa ndiyo ndui yetu, Fundi," alisema, akitumia jina walilowaitia waganga. "Unataka tufe wasafi?"

"Ukienda Mchinga na maradhi, jamaa zako watakushukuru kwa lipi?"

"Mimi si mgonjwa!"

"Na Rashidi aliposhuka njiani alisema hivyo hivyo. Alinisalimia akicheka."

Huseni alitukana, akaenda zake. Baadaye alirudi na shauri: jamaa wa Kitomanga waweke mihogo upande wao wa tawi, waondoke, kisha watu wa Nampemba waichukue. Pazi alikubali mara moja na kumpa yeye mwenyewe usimamizi wa jambo hilo. Njia ya msituni, isiyopita kijiji chochote, iliachwa wazi kwa wachimba ming'oko. Ya Kitomanga ikafungwa.

Akida Abdulrahmani alifika akiwa juu ya punda mweupe, na askari wawili nyuma yake. Alikuwa mtu wa mjini, nadhifu, mwenye kanzu isiyopata doa hata katika tope la Machi. Alikuja kutaka wanaume wa kufyeka shamba la pamba. Alisimamisha punda mbele ya tawi na kulitazama kwa muda.

"Jumbe yuko wapi?"

"Nipo, Bwana Akida. Shikamoo."

Akida alinyoosha kidole. "Mti huu umelazwa na nani?"

"Na mimi."

"Hukusikia amri?"

"Niliisikia. Nilisikia pia kwamba serikali inataka pamba, na maiti hawalimi. Nimeshika lile la pili."

Nyuma ya Pazi, Mwahija alicheka waziwazi.

"Uondoe."

"Ndani kuna ndui. Asiye na makovu asipite, na wewe uso wako ni laini kama yai, Bwana Akida."

"Unanitukana?"

"Nakusifu. Lakini sikiliza: atakayevuka kuingia hatavuka kutoka mpaka mgonjwa wa mwisho aoge. Mkulima na akida, sheria ni moja."

Akida hakuamini habari ya ndui. Aliamini kibanda alichokiona pembezoni mwa msitu kilikuwa na wapiganaji waliokimbia, na kwamba amemkamata mwasi kwa mkono wake mwenyewe. Akashuka, akachomoa kiboko kilichokuwa kimefungwa kwenye tandiko, akaruka tawi na kwenda moja kwa moja mpaka kibandani. Akaling'oa pazia la mkeka. Rashidi alikuwa amelala ndani, hana tena uso wa kutambulika, na wale watoto kando yake.

Alirudi kwa kasi kuliko alivyokwenda. Pazi alikuwa amesimama kwenye tawi, mikono mitupu.

"Umeingia, Bwana Akida. Karibu Nampemba."

"Nipishe!"

"Siwezi."

"Dadi! Mpige risasi huyu!"

Dadi, askari mkubwa kwa umri, alikuwa mtu wa Unyamwezi. Aliinua bunduki. Mwenziwe alikuwa amekwisha kumvuta punda nyuma kabisa. Dadi alimtazama jumbe, kisha akamtazama akida, na mtutu ukafuata macho.

"Bwana Akida, simama hapo hapo."

"Unasemaje wewe?"

"Nasema simama. Nimezika ndugu zangu wa tumbo moja njia ya Tabora kwa maradhi haya. Jumbe naweza kumpiga risasi siku yoyote serikali itakayotaka. Wewe ukivuka, nitakupiga leo."

"Utanyongwa!"

"Sawa. Lakini sitakufa kwa kuoza."

Basi akida akabaki. Alilala barazani kwa Pazi, akala ming'oko iliyochemshwa bila chumvi, na kila asubuhi Mwahija alimletea maji katika kata ya peke yake.

"Hii yako, Bwana Akida. Ile ya watu usiiguse."

Hakuugua. Rashidi alifariki, na mmoja wa watoto. Yule mwingine alipona, na hakuna mwingine aliyepata homa. Mtoto alipopukutika magamba yote, akaogeshwa, akida naye aliogeshwa, na kanzu yake ikachemshwa chunguni mpaka ikatoka na rangi ya vumbi. Pazi mwenyewe aliliondoa tawi. Abdulrahmani alipita bila kusema kwaheri. Siku chache baadaye askari wengine walikuja na kamba, wakamfunga Pazi.

Shauri lilikatwa Mingoyo, mbele ya majumbe wa nchi nzima ile, walioitwa makusudi waje kuona. Huseni alitembea njia yote kufuata nyuma ya kamba, na mihogo ya kuchoma kwenye kifuko. Bwana Shauri, mzungu aliyetumwa kutoka boma la Lindi, alikuwa amekwisha kumhoji Dadi, na alijua kwamba ndui haikufika Kitomanga wala kambi ya askari. Hakutaka kunyonga. Lakini serikali iliyosimamishwa njiani na jumbe haiwezi kunyamaza, na majumbe walikuwa wakitazama. Alisema maneno machache kwa mkalimani.

"Bwana anasema una bahati," mkalimani alieleza. "Apa mbele ya wenzako kwamba hutafunga njia tena, urudi kwako na ujumbe wako. Usipoapa, ni hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, na ujumbe umekwisha."

Kila jumbe aliyekuwapo alielewa kilichokuwa kikiulizwa: si mgongo wa Pazi, bali kama desturi ile itaendelea kuishi. Akiapa yeye, nani mwingine angethubutu kushika shoka maradhi yakija?

"Apa, Fundi," Huseni alinong'ona kwa nguvu kutoka nyuma. "Apa, halafu ufanye utakavyo!"

Pazi aligeuka. "Nikiapa uongo, hawa wataufuata ukweli upi?" Kisha akamwelekea mkalimani. "Mwulize Bwana. Meli ikifika Lindi ina mgonjwa wa ndui, hupandisha bendera ya manjano, na hashuki mtu, hata kama ni mzungu. Bendera ile ameipandisha mwasi gani?"

Mkalimani alisita, akatafsiri. Bwana Shauri alikunja uso. Akajibu kwamba bendera hupandishwa kwa ruhusa.

"Basi atupe na sisi ruhusa."

"Anasema ruhusa iombwe Lindi."

"Mwambie ndui haingoji mjumbe aende Lindi na kurudi. Ikija, nitafunga. Nisipokuwa jumbe nitafunga kama mganga. Mkinifunga mimi, atafunga dada yangu, na yeye hana adabu kama mimi."

Mtu alicheka katikati ya majumbe, akakohoa haraka kuficha. Bwana Shauri akainua mkono.

Walimlaza, wakampiga hamsa ishirini. Akida Abdulrahmani alisimama karibu akihesabu kwa sauti. Ilipokwisha, mkalimani aliinama na kumuuliza tena, kwa kuwa ndivyo alivyoagizwa, kama sasa anaapa.

"Bado," alisema Pazi.

Huseni alimshika kwapani wakaanza safari ya kurudi. Alitaka wapitie njia ya mkato. Pazi alikataa, alitaka ile inayopita mlangoni kwa majumbe, waliokwisha kutangulia makwao, mmoja baada ya mwingine. Nyumba ya kwanza, mwenye nyumba alimtandikia mkeka, akasema neno la pole. Pazi alishukuru, akabaki amesimama, akaeleza mambo ya makovu na kata na kisima, kisha akaondoka. Nyumba ya pili vivyo hivyo. Katika ile iliyofuata jumbe alikuwa mzee, tena mwoga, naye alitazama njia mara kwa mara wakati Pazi akizungumza.

"Kaa basi, Fundi. Utaanguka."

"Nikikaa nitalia, na mtu anayelia hasikilizwi. Nisikilize hivi hivi."

"Lakini wewe si jumbe tena. Unatuagiza kwa idhini ya nani?"

"Siagizi. Ninyi mmetazama nikipigwa kwa neno hili, na hamkunyanyua mdomo. Siwalaumu. Ila lau lisingekuwa neno la kweli, ningeapa nikaenda nyumbani kula."

Mzee aliinuka mkekani. Huseni alidhani amekasirika, akaanza kuvuta mkono wa Pazi waondoke. Kisha yule jumbe akageukia uani, akawaita wake zake na wakwe zake watoke wote nje.

"Anza upya," alimwambia Pazi. "Na hawa wasikie."