Mgongo Kwanza, Uso Baadaye

Watu wengine huanza kuchora kwa sababu wana kipaji. Mimi nilianza kwa sababu mji mzima wa Kisangani uliishiwa filamu za kupigia picha.

Mume wangu alikuwa ameshuka mto hadi Basoko na chumvi na sabuni za duka letu, kama alivyofanya miaka yote, ili arudi na samaki wakavu. Ilikuwa safari ya majuma mawili. Alipokuwa kule, wenye bunduki wakaugawa mto: huku wao, kule wenzao, na boti zikasimama. Mimi nilibaki nyumbani, komini ya Tshopo, na tumbo la miezi sita. Mtoto akazaliwa, msichana. Akakaa, akaota meno mawili, akajifunza kupiga kelele akinyimwa kitu, na baba yake alikuwa bado hajamwona.

Barua hazikupita. Kulikuwa na mama mmoja wa Barumbu, muuza samaki, aliyejipenyeza na mtumbwi mdogo kila baada ya mwezi mmoja au miwili, lakini kila alipofika ng'ambo hii au ile wanajeshi walimpekua mpaka chini ya beseni. Karatasi yenye maandishi ilimtia matatani. Alikwisha kuchapwa kwa ajili ya barua ya mtu mwingine, ya mapenzi tu, kwa hiyo akatangaza kwamba anabeba maneno ya mdomoni na si zaidi. Picha ya mtoto, hata hivyo, alikubali kuibeba. Mtoto si siri ya vita, alisema.

Nikazunguka mji kutafuta mpiga picha. Wa sokoni alikuwa na mashine, alikuwa na pazia lenye maua, alikuwa na kiti kizuri cha kukalia. Filamu hana. Ndege zilikuwa bado zinatua, ila hazikuleta tena vitu vya watu kama sisi.

Ndipo nikaenda kwa jirani yangu, mzee tuliyemwita papa mwalimu, aliyefundisha kuchora katika shule ya sekondari mpaka mshahara ulipokoma. Nilikuwa nimepanga mambo vizuri: yeye amchore mtoto, mimi nimpe lituma ya moto, ndizi zetu za kupondwa, na kipande cha samaki, tuagane. Akanyoosha mikono yake yote miwili mbele yangu. Ilikuwa inatetemeka.

“Mukono yangu imekufa, mama,” akasema. “Lakini mudomo iko muzima. Mi nitasema, we utachora.”

Nilicheka. Mimi ni binti wa wafanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini. Kwetu tunajua kufunga gunia, kupima chumvi na kubishana. Shuleni niliwahi kuchora kuku, na sista akanisifu kwa kuchora birika. Lakini mzee hakucheka, na mimi sikuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Alitoa sanduku la bati lenye rangi za maji, visahani kumi na viwili, vingine vimechimbwa mpaka bati linaonekana. Akatoa brashi mbili, na karatasi nene sita alizokuwa amezifunga ndani ya plastiki zisipate unyevu. Akaniambia hizo sita ndizo za mwisho Kisangani nzima, na hapo ndipo aliponiharibu kabisa. Nilikaa mbele ya karatasi ya kwanza siku nne. Siku ya kwanza nilinawa mikono mara tatu. Siku ya pili nilisali fungu zima la rozari, jambo ambalo sikulifanya hata mabomu yalipokuwa yakianguka, kwa sababu wakati wa mabomu nilikuwa chini ya kitanda nikitukana. Siku ya tatu niliichovya brashi, nikaiinua, nikaikausha. Siku ya nne papa mwalimu aliamka kutoka usingizi wake wa kitini na kunikuta bado natazama.

“Unaogopa nini? Karatasi haiume mutu.”

“Naogopa kuiharibu, papa.”

“Ah bon. Alors, tuiharibu, tumalize iyo kazi.”

Akatia kidole chake ndani ya maji machafu ya brashi, na kwa mkono ule unaotetemeka akapiga doa kubwa katikati ya karatasi yangu safi. “Imekwisha kuharibika,” akasema. “Sasa chora.”

Nilikasirika kiasi kwamba nilianza. Nilichora ndizi kuzunguka lile doa, kwa hasira, na zilikuwa ndizi mbaya sana, lakini brashi ilikuwa imegusa karatasi na nyumba ilikuwa bado imesimama.

Tangu hapo nikajifunza nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani, zile nene tukaziweka. Sheria za rangi za maji zilinikera moja baada ya nyingine. Rangi nyeupe huitafuti sandukuni. Nyeupe ni karatasi yenyewe, uiache. Unaanza na hafifu, nzito inakuja mwisho. Na ukikosea hufuniki. Dukani nikikosea kupima, chumvi inarudi kwenye gunia. Rangi ya maji hairudi popote, inakaa pale inakutazama.

Halafu likaja jambo la mbingu. Nilichora mbingu ya buluu, nikaenda kulala nimejaa majivuno, asubuhi nikakuta imekuwa nyeupe. Nikachora ya pili, ikafifia. Ya tatu vilevile. Nililaumu rangi, nikalaumu karatasi, nikaanza kumtazama vibaya jirani wa nyuma ambaye hakuwahi kunipenda. Papa mwalimu akainua kikombe changu cha maji, akanusa.

“Mama. Umetia chlore humu?”

Nilikuwa nimetia. Kipindupindu kilikuwa mjini, na pale bombani tulifundishwa kutia tone la dawa katika kila bidoni ya maji. Mimi ni mtu ambaye akiambiwa tone moja, anatia matano. Maji yote ya nyumba yangu yalinuka hospitali, na sikuona kwa nini ya brashi yapewe ruhusa.

“Uliwaza mbingu itashikwa na kolera?”

Nikamjibu kwa ukali kwamba afya haina likizo. Alicheka mpaka akakohoa, nami nikalazimika kumpigapiga mgongoni, jambo lililonipunguzia heshima ya hasira yangu. Kuanzia siku ile nilichorea maji ya mvua. Kisangani hata vitani haikukosa mvua.

Baada ya miezi miwili hivi ya ndizi, masufuria na mbingu zilizobaki mahali pake, ukafika wakati wa mtoto mwenyewe. Hapo woga ulirudi wote, na ndugu zake. Uso ulinitisha. Ndizi ukiikosea haikudai. Uso ukiukosea unakuuliza mama yako ni nani. Nikamwambia papa mwalimu kwamba nitamchora mtoto akiwa amenipa mgongo, ameketi kwenye mkeka, kwa sababu hivyo anapendeza zaidi. Mzee akafumba macho.

Katika sanduku kulikuwa na kisahani kilichoandikwa *chair*, yaani nyama ya mwili. Nilifurahi kuona kwamba waliotengeneza sanduku wamenifikiria. Nikachovya, nikapaka mgongo wote bila kusita. Mwanangu akatoka kama padri wa Kibelgiji baada ya kuogelea. Kama ningeituma ile picha Basoko, vita vingehamia ndani ya ndoa yangu.

“Kile kisahani,” akasema papa mwalimu, “iko nzima tangu nilipopata sanduku. Miaka makumi tatu. Haukujiuliza sababu?”

Akanifundisha kuchanganya nyekundu, manjano na buluu kidogo, nikapata hudhurungi, nikachora mgongo wa pili. Huo niliuanika karibu na mbabula ya makaa ili ukauke upesi, ukaungua pembeni. Wa tatu ulitoka salama. Ulikuwa mgongo, shingo, na nywele nne zilizofungwa juu. Mama wa samaki aliuviringisha ndani ya plastiki akaondoka nao.

Aliniambia baadaye kwamba mwanajeshi mmoja ng'ambo ya pili aliufungua, akaugeuza juu chini, akamwuliza, “Hii ni kiazi?” Akawaita wenzake. Walicheka hata wakasahau kupekua beseni. Ndiyo mara ya kwanza kazi ya mikono yangu kumnufaisha mtu.

Jibu la mume wangu lilifika baada ya majuma matano. Mama wa samaki alilisema akiwa bado na beseni kichwani: “Anasema asante, ameona mugongo. Sasa mugeuze.”

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kulikuwa na majeshi mawili kati yangu na yule mwanaume, na bado alijua kwamba nimeogopa. Nilikasirika pia, kwa sababu alikuwa na haki. Alikuwa ameniomba kitu kimoja tu, amwone mtoto wake, nami nikampelekea nywele nne.

Zilibaki karatasi nene mbili. Nilimkalisha mtoto mlangoni, penye mwanga, nikampa ndizi ili atulie. Alitulia kadiri ndizi ilivyodumu. Nilichora macho, yakaja mbalimbali. Nilichora mdomo, ukafaa. Paji la uso nilikuwa bado sijalimaliza, mtoto akageuka, mkono wangu ukaruka, rangi ikapanda juu na kutambaa huku na huku. Paji likawa pana, pana mno, na macho yakazama chini yake. Nikachukua kitambaa chenye maji ili nilifute, papa mwalimu akapaza sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

“Wacha!”

“Paji ni kubwa, papa.”

“Wacha, nimesema. Ukisugua, utatoboa mutoto.”

Nikaacha, nikiwa na machozi ya hasira. Nilijua nitaanza upya kwenye karatasi ya mwisho. Nilipoinuka kumwaga maji, mtoto akaitambaia karatasi ya mwisho na kuikojolea.

Kwa hiyo ikaenda ile ya paji pana. Nilimpa mama wa samaki maneno ya kuisindikiza, nikamfanya ayarudie mara mbili: amwambie baba yake kwamba paji si la mtoto, ni kosa langu, mkono uliteleza. Mtoto mwenyewe ni mzuri. Anisamehe.

Safari hii alichelewa miezi miwili. Nilikuwa na hakika kwamba ama mtumbwi umekamatwa, ama mume wangu ameiona picha na kuamua kubaki Basoko. Alipotokea hatimaye mlangoni, nilimwuliza kabla hajatua beseni.

“Aliifungua pale pale,” akasema. “Akakaa ku pembeni ya mutumbwi, na lile jua, nikawaza amegonjwa. Halafu akasema: uyu ni mama yangu.”

Mama yake mume wangu alifariki yeye akiwa mtoto wa miaka tisa. Hakuwahi kupigwa picha hata moja, na mimi sikuwahi kujua alikuwa na sura gani. Mume wangu hakuwahi kunisimulia uso ule. Sasa alimwambia mama wa samaki sababu, naye akanieleza polepole, kwa sababu alijua anabeba kitu kizito: alikuwa amekwisha kuusahau.

Nilikaa chini penye kizingiti nikalia. Kisha nikamvuta mtoto, nikamshika kidevu, nikamwangalia. Paji lake lilikuwa pana. Lilikuwa pana vile tangu siku aliyozaliwa, na mimi niliyeliosha kila asubuhi nilikuwa nimetuma mtu avuke mto wa vita kwenda kuliombea radhi.