Kadi ya Mgeni

Kaka yangu ndiye aliyenifundisha kwamba usikisifu kitu kabla hujajaribu kukivunja.

Tulikuwa tunaishi Utemini, mjini Singida, nyuma ya duka la baba. Serikali ilikuwa imefungua biashara, na duka ambalo mimi nililikuta na chumvi, viberiti na rafu tupu lilikuwa limeanza kujaa: sabuni za kunukia, betri, kandambili za rangi, na bigijii za kutafuna, ambazo ndani ya kila karatasi mlikuwa na kadi ndogo yenye picha ya mnyama. Chini ya picha kulikuwa na namba ya nguvu zake. Watoto wa mtaa mzima walizikusanya. Mnakaa wawili, mnagawana kadi saba saba, kila mmoja anaweka moja chini, mwenye namba kubwa anachukua zote mbili. Basi. Baada ya miezi michache mchezo ukachosha, kwa sababu mwenye Tembo na Simba alishinda kila siku, na sisi wengine tulikuwa wasindikizaji.

Tukasikia kwamba Arusha zimeingia kadi mpya. Singida hazikufika. Kaka, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha tatu, akasema hana muda wa kungoja. Akakata makasha ya sabuni dukani, akachora za kwetu kwa kalamu za rangi. Aliziita toleo la pili.

Mimi nilikuwa na miaka tisa, na kazi yangu ilikuwa kuzijaribu kabla hazijatoka nje kwa wenzetu.

"Usiniambie ni nzuri," aliniambia. "Niambie inashindwa na nini."

Kadi inayoishinda nyingine tuliiita dawa yake. Dawa ya Tembo ilikuwa Nyuki, kadi yenye namba moja tu, lakini Tembo akimwona anakimbia. Kwa siku mbili nilifurahi, siku ya tatu nikamwendea kaka nikamwambia Tembo amekufa. Kila mtu anaficha Nyuki mkononi, hakuna anayethubutu kumtoa Tembo. Alifikiri sana, akaamua kwamba Nyuki akishauma anatoka mchezoni moja kwa moja. Tembo akapata kupumua. Kisha kulikuwa na Kinyonga, ambaye aliiga kadi yoyote iliyomtangulia. Niligundua kwamba Kinyonga wawili wakikutana mchezo haufiki mwisho. Tulicheza tangu alasiri mpaka mama akatuita kula, na hakuna aliyeshinda. Kaka alicheka mpaka akajilaza kwenye mkeka, halafu akamchana Kinyonga mmoja vipande viwili.

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza nionavyo juu ya jambo lolote. Yeye aliniuliza kila siku, na nikisema alibadilisha.

Alipomaliza kidato cha nne hakuchaguliwa kuendelea. Akaingia kwenye vitunguu, kama vijana wengi wa kwetu, ananunua huko vijijini, anapanda juu ya gunia zake kwenye lori mpaka Dar es Salaam. Mwaka wa kwanza alirudi na redio ya kaseti na viatu vya ngozi. Mwaka wa pili hakurudi, alituma salamu. Mwaka wa tatu nilikuwa nimekaa dukani mchana, upepo unavuma na vumbi limejaa mlangoni, akaingia mwanaume mmoja aliyevaa sweta kwenye jua kali, ameshika begi. Akasimama mbele ya kaunta, ananiangalia.

"Karibu," nikamwambia. "Nikupe nini?"

Akazitazama rafu.

"Nipe bigijii," akasema, na hapo ndipo nilipoitambua sauti ya kaka.

Mpaka leo nikisikia mtu ananikaribisha dukani kwa "Nikupe nini?", namtazama usoni kwanza.

Mama alimpa chumba cha uani. Nyumbani kulisemwa ni kifua. Baba mdogo alipokuja kumwona alisema ni homa za pwani, na shangazi akasema kuna mtu kamwonea wivu kwa ajili ya mali. Jina lenyewe la ugonjwa halikutajwa na yeyote, ingawa lilikuwa likitangazwa redioni, na likianza kutangazwa baba alinyoosha mkono akapunguza sauti. Kikombe cha kaka kiliwekwa peke yake dirishani. Mimi sikuambiwa kitu. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, na nilijua kila kitu isipokuwa jinsi ya kukaa naye.

Yeye ndiye aliyenisaidia. Jumamosi moja nilipompelekea maji akasema, "Mdogo wangu, bado makasha ya sabuni yapo?"

Alichora kwa siku nyingi, ameegemea mto, anapumzika kila baada ya mistari michache. Zilitoka kadi kumi na nne. Picha zilikuwa nzuri kuliko za zamani: Nyegere, Ukame, Kisima, Mama wa Vifaranga. Ya mwisho ilikuwa na picha ya mtu amesimama mbele ya kaunta, ameshika begi. Haikuwa na namba. Chini aliandika Mgeni.

"Huyu haondoki mkononi," alinieleza. "Akishakufikia huwezi kumweka chini. Na kila mzunguko anakula kadi yako moja."

Tulianza kujaribu. Nilikaa mkekani, yeye kitandani, kadi zikawekwa kwenye sinia katikati yetu. Mara ya kwanza Mgeni aliniangukia mimi, nikashindwa. Mara ya pili alimwangukia yeye, akashindwa. Tulicheza siku tatu. Nilimjaribu Mgeni kwa Nyegere, kwa Kisima, kwa Kinyonga wa zamani. Nilichanganyikiwa kwa furaha, nilisahau kabisa niko wapi. Nilikuwa tena na miaka tisa na kazi yangu. Siku ya tatu nikatupa kadi zangu zote kwenye sinia, nikasema kwa sauti kubwa, kama nilivyokuwa nikisema zamani:

"Kaka, hii haina dawa!"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji.

Sijui alisimama muda gani. Aliliweka bakuli chini taratibu, akageuka, akaondoka. Nilisikia ndoo ikigongwa huko jikoni, kisha sikusikia kitu tena. Nikaanza kulia. Nilitaka kusema nilikuwa nazungumzia kadi, lakini kaka alijua nilikuwa nazungumzia kadi.

"Unalia nini?" akasema. "Umefanya kazi yako."

"Samahani, kaka."

"Sema sasa turekebishe nini."

Niliifikiria nikiwa na kamasi puani. Mwishowe nikasema: labda yule wa pili aruhusiwe kusaidia. Mgeni akitaka kula, mwenzako anaweza kutoa kadi yake badala ya yako.

"Nani atakubali? Huyo mwingine si anataka kushinda?"

"Mimi ningekubali."

Akachukua kalamu, akaigeuza kadi, akaandika hayo niliyosema nyuma yake, kwa herufi ndogo. Tukacheza tena. Mgeni alikuwa kwake. Nikawa natoa kadi moja, anatoa moja. Alishindwa hata hivyo, lakini mchezo ulikuwa mrefu, na katikati yake alikunywa uji wote.

Alifariki alfajiri, wiki ile alizeti zilipoanza kuvunwa. Alizikwa baada ya sala ya adhuhuri. Jioni yake baba mdogo alilitoa godoro nje na kulichoma, pamoja na sweta na mto. Mimi kadi nilikuwa nimezichukua mapema, nikazificha kwenye mkoba wa shule. Nilipozihesabu zilikuwa kumi na tatu. Mgeni hakuwepo.

Nilimtafuta chini ya kitanda, kwenye begi, katikati ya kurasa za daftari zake. Huenda aliungua. Huenda kaka alimchana mwenyewe. Kwa miaka mingi nilikuwa nikifungua kitabu cha zamani nikiogopa kumkuta, na nikihuzunika kwa kutomkuta.

Zile kumi na tatu nilizicheza peke yangu, uani, nikitoka shule. Niligawa pande mbili, wangu na wake. Tatizo la kucheza pande zote mbili ni kwamba unaona kila kitu, kwa hiyo nilijitahidi kuzicheza za kwake kama yeye: alipenda kuanza na dhaifu, alikuwa anamchelewesha Nyegere mpaka mtu akate tamaa. Nilizicheza kwa haki kabisa. Na upande wake ukaanza kushinda. Siku baada ya siku ulinishinda, kwa ujanja ambao sikuwa nimeufikiria mpaka kadi imeshatua mkekani. Mara nyingine nilisimama nikaingia ndani kwa woga, jua bado liko juu. Kesho yake nikarudi.

Alasiri moja nilikuwa nimekwama. Nilisema kwa sauti, "Kaka, zamu yako."

Nikageuka. Mama alikuwa kwenye kizingiti, mikono ina unga. Tangu siku ile ya uji hatukuwa tumetazamana vizuri. Nilijua atanikemea, au ataziokota zote azipeleke jikoni kwenye moto.

Alijifuta mikono kwenye kanga.

"Alikuwa anakaa upande gani?" akaniuliza.

Nikamwonyesha. Hakukaa hapo. Aliuzunguka mkeka, akavua kandambili, akaketi pembeni yangu, bega kwa bega, akaziangalia kadi kwa makini kama mtu anayesoma barua.

"Haya, nifundishe," akasema. "Huyu mwenye vifaranga anafanya nini?"