Panga Alilolichukua Mtani Wetu

Asubuhi ya mazishi ya kaka yangu mkubwa, mimi ndiye niliyenoa panga. Naliweka hili mwanzoni kwa sababu kwetu Kwaluguru watu wakisimulia habari ile humtaja kaka yangu wa pili peke yake, kwamba alichachamaa, kwamba alitaka kuua. Jiwe la kunolea nilikuwa nalo mimi, nyuma ya jiko, nikilimwagia maji kidogo kidogo mpaka makali yakakata unywele. Nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto wawili. Sina kisingizio.

Ugomvi ulianzia shambani. Ng'ombe wa jirani walikula mahindi yetu yaliyokuwa yameanza kubeba. Baba, ambaye hasira zake ndizo nilizorithi, akalikata mguu dume lao. Siku ya tatu, mchana kweupe, mtoto wa jirani akaja akachoma kihenge chetu. Nadhani alitaka tulale njaa tu. Kaka mkubwa aliingia kuokoa mahindi ya mbegu, paa likamwangukia. Yule kijana akakimbilia Mkumbara kwa shangazi yake, na kaka wa pili akaapa kwamba akishamzika ndugu yake atapanda basi kumfuata huko huko, na panga halitarudi likiwa safi.

Jirani wetu wa upande mwingine alikuwa bibi wa Kinyamwezi, ambaye wazazi wake walikuja Korogwe zamani kukata mkonge. Wanyamwezi na sisi Wazigua ni watani, na mtani msibani ana ruhusa ambazo hata mtoto wa marehemu hana. Anaweza kumwiga maiti, anaweza kulizuia jeneza mpaka apewe kitu, kwa kawaida kuku au doti ya kanga. Ukimkasirikia, umejiaibisha wewe na ukoo wako. Bibi huyu alimwita kaka mkubwa "mume wangu" tangu akiwa anatambaa. Siku hiyo nilimwona ameegemea ukuta wa choo akilia peke yake. Halafu akajifuta uso, akaingia uani amevaa suruali ya marehemu.

Jeneza lilipotoka, alijilaza chali katikati ya njia. Wabebaji wakasimama.

"Mume wangu hatoki hapa," alisema. "Wazigua wachoyo nyie, mnamzika hata sijaagana naye."

Watu walicheka, wengine huku wanalia. Mjomba akaleta jogoo, bibi akamkataa. Akaletewa kanga mpya, akaikataa pia. Akamnyooshea kidole kaka wa pili, aliyeshika jeneza mbele, panga amelifunga kiunoni chini ya kanzu.

"Nataka hicho kilichotuna hapo. Au umeota mkia?"

Safari hii hakucheka mtu.

"Bibi, nakuheshimu," kaka alisema. "Ondoka njiani."

"Mimi mtani wako. Nipige basi."

Kaka alimwachia mtu mwingine jeneza, akalichomoa panga. Mpaka leo hajui mwenyewe kama alitaka kumtisha au kulitupa. Bibi aliinuka akalidaka kwenye makali, mkono mtupu, na hakuliachia. Damu ilitiririka hadi kwenye suruali ya marehemu. Akasema polepole, wala si kwa utani, "Leo namzika mume mmoja. Usinifanye niwazike wawili."

Kaka akalegeza vidole. Naona haya kukiri kwamba wakati ule nilichukia, nilitamani asiachie. Bibi akalikumbatia panga na kusogea kando. "Haya, mpelekeni," akasema. "Nimeridhika."

Baba wa yule kijana alikuwa amesimama nje ya ua wetu, hakuthubutu kuingia, na aliyaona yote. Kesho yake alikwenda Mkumbara, akamchukua mwanawe wa pekee na kumkabidhi polisi kwa mkono wake mwenyewe. Kijana alifungwa. Alipotoka, baba yake alimleta kwetu kuomba radhi. Baba yangu alimpa mkono, akasema lile dume lilikuwa kosa lake yeye. Kaka alitoka akaenda zake shambani, na kwa miaka hakuitikia salamu ya yule kijana.

Vidole viwili vya bibi havikukunjika tena. Alikuwa akisuka mikeka na kuiuza Korogwe. Kazi hiyo ikaishia pale. Kaka alimlimia na kumchotea maji kila siku, naye akimsimanga kwamba analima kama anakuna mgongo. Panga bibi alikaa nalo, akikatia kuni. Sikuwahi kumwambia nani alilinoa. Siku moja tukipepeta mchele, alisema bila kuinua macho, "Lile panga lilinolewa vizuri. Wanaume hawana subira hiyo." Akaendelea kupepeta. Nililia mbele yake kwa mara ya kwanza.

Mwaka huu bibi amefariki, ikawa zamu yetu kutania. Jeneza lilipotoka, kaka alijilaza njiani. Alijaribu kusema maneno ya kuchekesha, hayakumchekesha mtu. Mbele ya jeneza, miongoni mwa wabebaji, alikuwa yule aliyechoma kihenge chetu, sasa ana mvi.

Ilipasa mtu aulize. Watu walitazamana, mwishowe akauliza yeye. "Mtani anataka nini?"

"Panga langu," kaka alisema.

Nilikwenda jikoni kwa bibi nikalileta. Nilimkabidhi yule mtu, kwa kuwa ndiye aliyeuliza. Akampisha mwenzake kwenye jeneza, akalishika panga kwenye bapa, mpini akauelekeza kwa kaka. Kisha akainama kumpa, shingo yake wazi.

Kaka alilipokea. Akainuka, akajipangusa vumbi, akamwambia, "Shika jeneza, tunachelewa." Akatangulia mbele yao, akifyeka majani yaliyokuwa yameziba njia ya makaburini.