Mafiga Mbele ya Lori

Nakumbuka siku niliyowasha moto mbele ya matairi ya lori, mwanangu, na mpaka leo sijaijutia. Wanaokwambia bibi yako alikuwa mkorofi, waambie ni kweli.

Tulikuwa tumehamishiwa pamoja katika kijiji cha Ujamaa, huku upande wa Kwaluguru. Nyumba zilikuwa za miti na udongo, nyingi hazina milango. Mume wangu Selemani na wenzake wakachimba shimo la kupasulia mbao. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine chini shimoni, msumeno unapanda na kushuka, vumbi lote linamwingia wa chini machoni. Walikata mininga michache tu mlimani, ile iliyokomaa. Mikubwa yenye mbegu waliiacha, na miche waliizungushia miiba mbuzi wasiile. Mpango ulikuwa tujipatie milango, na zitakazobaki zikauzwe Korogwe zikiwa mbao, si magogo.

Baba yake Selemani aliletwa kutoka mbali kukata mkonge. Alikata mpaka vidole vikawa havikunjiki, akazikwa kule kule shambani kwa watu. Selemani aliapa hatarudi huko. Lile shimo la mbao ndilo lililomweka kijijini, na mimi ndilo lililonipa mume wa kukaa naye.

Basi akaja bwana mmoja kutoka mjini, suruali imenyooka, na lori nyuma yake. Akatuambia miti yote inatakiwa kiwandani, iliyolala na iliyosimama, hata ile michanga.

"Kazi ya kupasua waachieni wenye mashine," akasema. "Ninyi limeni."

Mzee Mhando, mwenyekiti wetu, akaitikia. Alikuwa mtu mwema lakini mwoga wa wageni, Mungu amrehemu. Selemani akauweka msumeno chini, akasema kwa sauti ndogo, "Kesho naenda kwenye mkonge."

Hapo nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuipata tena. Nilikwenda nyumbani, nikabeba mafiga yangu matatu na chungu cha makande, nikayapanga mbele ya lori, nikakoka moto. Sasa wewe uliyezaliwa kwenye majiko ya gesi hujui: kwetu mafiga ya mwanamke yakiwa na moto hayarukwi, hayapigwi teke, wala hayaondolewi na mtu mwingine. Ukifanya hivyo umemvunjia nyumba.

"Mama, toa chungu chako," yule bwana akasema.

"Bado hakijaiva, baba. Kaa usubiri, utakula."

"Unachelewesha kazi ya nchi!"

"Na hapa unaposimama ni wapi? Hapa si nchi?"

Wanawake wakacheka. Halafu mmoja akaenda kuleta mafiga yake, na mwingine, mpaka lori likazungukwa na moshi, mbele na nyuma. Yule bwana akamwamuru dereva awashe gari apite. Dereva, kijana wa Mazingara, akamtazama, akazima hata redio.

"Hapo sipiti, mzee. Mama yangu akisikia nimekanyaga jiko la mtu, siingii tena kwake."

Akashuka, akanisalimu, "Shikamoo mama," akaomba sahani. Lori liliondoka tupu.

Usidhani tulishangiliwa. Niliitwa mbele ya mkutano, nikaambiwa niombe radhi kwa kukiaibisha kijiji. Sikuomba. Nikanyimwa zamu ya mashine ya kusaga msimu mzima, nikatwanga kwa mikono yangu, nikiimba kwa makusudi wanisikie. Lakini Selemani alirudi shimoni, na lori lilipokuja tena lilipakia mbao. Mlima wa pili, ambao haukuwa na mtu wa kuusimamia, watu wa kiwanda waliufyeka wote. Upite ukautazame, ni mawe matupu.

Ndiyo maana nilinuna juzi uliponiambia kuna mnunuzi anaitaka mitiki yako ikiwa imesimama, na mahindi yako yakiwa shambani, avipeleke vyote kwenye viwanda vikubwa. Mwanangu, mimi sivichukii viwanda. Nakuambia hivi: mtu akija kuchukua kitu chako, mwulize anakwenda kukifanya nini, kisha mwulize kwa nini hicho kisifanyiwe hapa, na vijana wa hapa, wapate ujuzi na ujira. Akikosa jibu, arudi na gari lake tupu. Usikate mti mchanga kwa sababu mgeni ana haraka. Na wakikwambia unachelewesha maendeleo, wajibu kwamba na wewe unayataka, ila unayataka yakukute kwako.

Mungu akujalie shamba lisiloisha miti, na karakana yenye kelele ya kazi. Akupe na mke asiyeogopa lori. Na siku watakapokuita mkorofi, mwanangu, Mungu akupe nguvu ya kutoomba radhi.