Ngoma Iliyohamishwa

Mdogo wangu wa kiume, niliyezaliwa naye tumbo moja, wenzake wa kazini walimbatiza Ramani. Kazi yake ni kuchukua wageni mji mmoja na kuwafikisha mji mwingine, huku akiwasimulia njia nzima: mto ule, kilima kile, kona ile lori lilipoanguka. Katikati ya safari huwashusha hapa makumbusho, ambako mimi ni mlinzi wa ukumbi wa chini. Nakalia kiti chenye mguu mmoja mfupi, na atakayegusa kioo cha kabati atanijua mimi ni nani. Miaka yote hiyo sijamsikia Ramani akikosea maelezo. Mdomo wake huo na usukani ndivyo vinavyowalisha mkewe na mapacha wao walioanza shule juzijuzi.

Siku hiyo alileta mume na mke, mtoto wao mchanga na bibi wa mtoto. Akasimama mbele ya kabati la pembeni, mikono nyuma.

"Ngoma hii," akasema, "ngozi yake ni ya nyati. Tazameni hapo ukingoni, pamechanika."

Jamani! Ngoma tulishaihamisha wiki iliyopita, baada ya mchwa kuivamia. Mle kabatini tuliweka cherehani.

Wageni wakaangua kicheko, wakidhani ni utani wake. Naye akacheka, kicheko kikavu, bila kujua kinachochekwa. Nikaanza kukumbuka mambo niliyoyapuuza: chai aliyoimimina nje ya kikombe nyumbani kwangu, ngazi anazozipapasa kwa kiatu, mlango wa gari uliokwaruzika akasema kuna mwendawazimu kamparuza. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi mjinga nilikuwa nimeinama.

Wageni walipokwenda msalani, nikamvuta nyuma ya nguzo.

"Mle kabatini mna nini?"

"Dada, usinianze."

"Nimekuuliza, mna nini?"

Akasema kwa sauti ya chini, "Ni ukungu tu machoni. Jua likiwa kali ndiyo unazidi. Lakini njia naijua, hata unifunge kitambaa."

"Na malori yanayopanda, nayo umeyakariri?"

Kutoka hapa makumbusho barabara inateremka mlimani, kona juu ya kona, na upande mmoja ni korongo tupu.

"Wakijua wananiachisha kazi leo leo," akasema. "Wanangu watakula nini?"

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Na wewe hutaumbuka peke yako, una kitoto cha watu mle garini! Lete ufunguo."

"Nikimaliza mteremko huu naacha, dada. Naapa." Akaniponyoka, akatoka kwa hatua za mtu anayeijua kila tofali la sakafu ile.

Nilipofika uwanjani wageni wameshapanda, bibi anamfunika mtoto, injini inanguruma. Nikakimbia nikasimama mbele ya gari, juani, mikono juu. Sikutoa sauti. Nilitaka anione, Mungu wangu, nilitamani sana anione.

Gari likaanza kutembea. Likanijia taratibu, halafu likaongeza mwendo. Yule bibi akapiga yowe, breki zikalia, bampa ikanigonga magoti.

Ramani akashusha kioo, akatoa kichwa, akanielekea usoni kabisa, mimi dada yake niliyemlea mgongoni.

"Samahani mama," akasema, kwa ile adabu yake ya kuongea na wageni, "nikusaidie nini?"