Ng'ombe Wasio na Mchungaji

Harufu ya krayoni hunirudisha Takoma Park, huko Amerika, kwenye chumba nilicholala na Kogo, mama yake baba, mwaka aliotoka Nandi kuja kunitunza mama akiwa kazini. Juu ya kitanda chetu ilining'inia picha ambayo baba aliinunua kwa jirani aliyekuwa akihama: nakala ya mchoro wa Mfaransa wa karne ya kumi na tisa, ng'ombe wanne ndani ya msitu wenye giza, mmoja mweupe amegeuza shingo kana kwamba kaitwa.

Kogo hakuipenda hata chembe. Kila jioni aliigeuza ikatazama ukuta, lakini kwanza aliwauliza wale ng'ombe kwa sauti ya chini, "Mmemwacha wapi?" Nilijua tu kwamba shangazi yangu mkubwa, Tapkigen, alikwenda kuchunga akiwa msichana, na ng'ombe wakarudi peke yao kutoka msituni. Yeye hakuonekana tena.

Mimi nami naitwa Tapkigen. Wote waliniita hivyo isipokuwa Kogo. Kwake nilikuwa "wewe mtoto", au "msichana wa Amerika" akiwa na furaha. Iliniuma sana. Nilidhani hanipendi, nikafanya kila hila aniite: nilimkanda miguu, nikanywa maziwa yake machachu ya mala bila kukunja uso, jambo ambalo, niaminini, si dogo.

Mchana mmoja nikapanda kitandani na krayoni nyekundu, nikachora msichana kando ya wale ng'ombe. Nyuso zilikuwa zinanishinda, kwa hiyo nikamchora akitupa mgongo.

"Kogo, don't worry," nikamwambia. "Sasa ziko na mtu."

Alivaa miwani, akatazama mpaka nikaanza kuogopa kuchapwa.

"Anaingia ndani," akasema. "Hageuki."

"Eeh, anaenda tu."

Akakaa kitandani, mikono mapajani. Akasema polepole, "Haya, Tapkigen. Njoo tule."

Nilirukaruka nyumba nzima! Baba aliporudi nikamkimbilia mlangoni: Kogo ameniita jina langu! Nilitarajia acheke. Aliketi kwenye ngazi na sare yake ya kazi, akafunika uso.

Nilikuwa mtu mzima baba aliponieleza kwamba kwetu jina kama langu hurithiwa kutoka kwa marehemu tu. Alinipa bila kumwuliza mama yake, na mama yake alikuwa bado anamngoja binti yake arudi. Mimi nilijua nimepata nyanya. Kumbe siku ile nilikuwa nikirukaruka msibani.